A che ora arriva? Kuuliza Saa ya Kufika kwa Kiitaliano

Leo tuzungumze juu ya swali ambalo kila msafiri analo mdomoni: inafika saa ngapi? Tutaliuliza kwa Kiitaliano, huko huko Italia, kwenye stesheni, kwenye kituo cha basi, na kwa simu kwa ndugu anayekungoja. Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Wamesema kweli, ila hawakutuambia lolote juu ya kulielewa jibu, na hapo ndipo Mswahili anapokwama. Swali lenyewe utalishika kabla mazungumzo haya hayajafika katikati. Jibu ndilo lenye kazi.

Tuanze na swali. Muitaliano husema: A che ora arriva il treno? Treni inafika saa ngapi? Ukiliona limeandikwa, usilisome kwa macho ya Kiswahili. Lile neno la pili, c-h-e, hutamkwa "ke", si "che" ya cheka wala chelewa. Sema: a ke ora arriva. Zile r mbili zikaze, zisikike zote. Sauti yetu ya ch wanayo pia, lakini wanaiandika kwa c ikifuatwa na i au e. Kumi kwao ni dieci, na hutamkwa "diechi". Zaidi ya hapo Mswahili hana shida kubwa, kwa sababu maneno ya Kiitaliano, kama yetu, karibu yote huishia kwa irabu, na kila irabu husikika.

Ukishashika swali hilo, badilisha mwisho wake tu. Mgeni wako anatoka Napoli: A che ora arriva il treno da Napoli? Wewe mwenyewe umo ndani ya behewa na hujui utashuka lini: A che ora arriviamo a Bologna? Hapo umeuliza, tunafika Bologna saa ngapi. Unamuuliza rafiki yako: A che ora arrivi? Unafika saa ngapi? Lakini unapomsogelea karani, mzee au mtu usiyemjua, tanguliza neno Scusi, samahani ya heshima. Scusa, yenye a mwishoni, ni ya rika lako na watoto. Sisi tuliolelewa na shikamoo tofauti hiyo haitupi tabu.

Kwa basi la mjini, watu hawasemi sana linafika. Husema linapita: A che ora passa l'autobus? Na kwa kuwa basi la mjini haliaminiki sana kwa saa, wengi huuliza kwa njia nyingine: Tra quanto passa? Bado muda gani lipite? Jibu litakuja kwa dakika: tra dieci minuti, baada ya dakika kumi. Hili ni swali zuri kwa mgeni, kwa sababu jibu lake halina hesabu ya saa ndani yake. Dakika kumi ni dakika kumi, Roma na Tanga.

Liko pia swali la quando, lini. Quando arriva? Si kosa. Lakini aliyeulizwa lini ana haki ya kukujibu domani, kesho, akaenda zake. Ukitaka saa, itaje saa.

Haya, swali limeulizwa. Sasa fungua masikio.

Jibu la kawaida litaanza na alle: alle due, saa nane, alle tre, saa tisa, alle nove, saa tatu. Subiri, msikilizaji, najua umeshtuka. Due ni mbili, nami nimesema saa nane. Tre ni tatu, nami nimesema tisa. Tutalifikia hilo. Kwanza tumalize sura ya jibu. Saa moja tu katika siku haisemwi kwa alle: all'una, ambayo ni saa saba yetu, kwa sababu una ni umoja na nyingine zote ni wingi. Adhuhuri ina jina lake, mezzogiorno, na usiku wa manane una jina lake, mezzanotte.

Dakika nazo zinapangwa kwa mtindo ambao Mswahili ataupokea bila jasho. Wao hutaja saa kwanza, kisha huongeza au hupunguza, kama sisi. Le nove e un quarto ni saa tatu na robo. Le nove e mezza ni saa tatu na nusu. Le nove meno un quarto ni saa tatu kasorobo. Le nove meno dieci ni saa tatu kasoro dakika kumi. Hiyo meno ndiyo kasoro yetu kabisa, na inakaa mahali pale pale katika sentensi. Ukiisikia meno, usikimbilie saa iliyotajwa, maana saa hiyo bado haijafika.

Ila zipo namba za kuchunga. Sei ni sita, sedici ni kumi na sita. Sasa, sita na dakika kumi ni sei e dieci. Isemwe haraka na kipaza sauti cha stesheni kilichochoka, huku treni nyingine ikipita: sei e dieci, sedici, sei e dieci, sedici. Moja ni alfajiri, nyingine ni alasiri. Vivyo hivyo tre na tredici, due na dodici. Hapa usione haya kumwomba mtu akuandikie.

Jambo jingine ni kwamba Italia inasema saa kwa namna mbili. Karani, tangazo na tiketi hutumia saa 24. Rafiki na jirani hutumia saa 12. Treni ya 15:40, karani ataiita quindici e quaranta, kumi na tano na arobaini. Shangazi wa rafiki yako, aliyekualika chakula, ataiita le quattro meno venti, nne kasoro ishirini. Ni treni ile ile. Kwa Kiswahili ni saa kumi kasoro dakika ishirini za alasiri. Rafiki akiona saa 12 zinaleta utata, ataongeza kipande cha siku: di mattina kwa asubuhi, del pomeriggio kwa mchana na alasiri, di sera kwa jioni na mwanzo wa usiku, di notte kwa usiku wa manane na kuendelea.

Kuna pia vijineno vinavyotangulia saa, na ndani yake kuna ahadi. Alle sei ni saa hiyo hasa. Verso le sei ni karibu na saa hiyo, kabla au baada, usimlaumu mtu. Entro le sei ni ahadi kwamba saa hiyo haitapita. Fundi wa mabomba akikwambia verso, pika chai ya pili. Akisema entro, una haki ya kumpigia simu. Na mtu akikujibu arrivo tu, nafika, hajakupa saa yoyote. Mhudumu wa baa husema arrivo huku akielekea meza nyingine, kama sisi tunavyosema nakuja tukiwa tunaondoka.

Twende stesheni sasa. Katika stesheni za Italia hubandikwa karatasi mbili kubwa za ratiba. Ya njano ni Partenze, treni zinazoondoka. Nyeupe ni Arrivi, treni zinazofika. Aliyekuja kumpokea mgeni asome nyeupe. Juu kuna ubao wa umeme, nao una safu mbili fupi ambazo mgeni huzipuuza kwa hasara yake. Bin. ni binario, njia ambayo treni itasimama. Rit. ni ritardo, ucheleweshaji, na namba iliyo chini yake ni dakika za kuongeza. Ubao ukionyesha 18:20 na chini ya Rit. ukasoma 25, treni inatarajiwa 18:45, yaani saa moja kasorobo jioni. Ile 18:20 ni ya kwenye ratiba tu. Kwa hiyo swali la pili, baada ya a che ora, ni hili: È in orario? Iko ndani ya saa yake? Wakikwambia è in ritardo, malizia: Quanti minuti di ritardo? Imechelewa dakika ngapi?

Dakika hizo zina thamani ya fedha. Sheria ya Umoja wa Ulaya inasema abiria wa treni aliyefikishwa mwisho wa safari akiwa amechelewa kati ya dakika 60 na 119 anaweza kudai fidia ya asilimia 25 ya nauli, na kuanzia dakika 120 asilimia 50, isipokuwa kwa sababu fulani zilizo nje ya uwezo wa kampuni, kama hali mbaya ya hewa isiyo ya kawaida. Kinachohesabiwa ni saa ya kufika. Treni inaweza kuondoka kwa kuchelewa, ikafidia njiani, nawe ukawa huna cha kudai. Tunza tiketi yako na uandike saa uliyoshuka.

Lipo pia neno la sciopero, tamka "shopero", yaani mgomo. Ukilisikia, usiulize kwanza treni inafika saa ngapi. Uliza kama ipo. Siku za kazi, treni za mikoani hulindwa na sheria katika vipindi viwili hata wakati wa mgomo: kutoka 6:00 hadi 9:00 asubuhi, na kutoka 18:00 hadi 21:00. Wafanyakazi wanaokaa mbali na mji hupanga siku yao ya mgomo kwa vipindi hivyo.

Ukipita Bologna Centrale, utaona nje ya stesheni saa moja inayoonyesha 10:25 daima. Usimuulize mtu kwa nini haitengenezwi. Tarehe 2 Agosti 1980, saa nne na dakika 25 asubuhi, bomu lililipuka katika ukumbi wa kungojea, likaua watu 85 na kujeruhi zaidi ya 200. Wengi walikuwa safarini kwenda likizo. Mji umeamua saa ile ibaki hapo hapo. Ukitaka saa ya treni yako, tazama ubao.

Sasa, msikilizaji, tulipe lile deni. Kwa nini tre yao ni tisa yetu?

Jibu rahisi ni kwamba wao wanaanza kuhesabu usiku wa manane na sisi tunaanza jua linapochomoza na linapozama. Lakini haikuwa hivyo siku zote. Kwa karne nyingi, kuanzia zama za kati, Waitaliano walihesabu siku yao kuanzia magharibi. Kengele ya Ave Maria ikilia baada ya jua kutua, siku ilikuwa imekwisha, na saa ya kwanza ya siku mpya ilianza hapo. Walihesabu hadi 24, yaani magharibi ya pili. Tre ore di notte, saa tatu za usiku, zilikuwa saa tatu baada ya giza kuingia. Mtu wa Lamu angeelewa bila mkalimani.

Saa ya namna hiyo bado inatembea. Ingia kanisa kuu la Firenze, geuka utazame juu ya mlango mkubwa kwa ndani. Uso wa saa iliyo hapo ulichorwa na mchoraji Paolo Uccello mwaka 1443. Una saa 24 na mshale mmoja, nao unazunguka kinyume na saa ya mkononi mwako. Mnara wa saa wa Venezia, uliozinduliwa mwaka 1499, nao una saa 24 kwenye uso wake. Goethe, mwandishi wa Kijerumani, alipofika Verona mwaka 1786 ilimbidi achore jedwali la kulinganisha saa za Kiitaliano na za kwao, asije akapotea.

Hesabu hiyo haikuwa ushamba. Ilikuwa inajibu swali la msafiri. Zamani hizo miji ilikuwa na kuta, na milango ya kuta ilifungwa usiku. Mtu aliye njiani na punda wake hakuhitaji kujua ni saa ngapi tangu usiku wa manane. Alihitaji kujua mwanga umebaki kiasi gani. Saa ikipiga 20, alitoa 20 katika 24, akajua amebakiwa na saa nne kabla jua halijatua. Swali la kufika lilikuwa limejibiwa na saa yenyewe.

Kwa nini basi waliiacha na sisi hatukuiacha yetu? Sababu iko angani. Kwetu, karibu na ikweta, jua huchomoza na kuzama karibu wakati ule ule mwaka mzima, kwa hiyo saa kumi na mbili ya Januari na ya Julai hazipishani sana. Firenze mambo ni mengine. Kati ya Desemba na Juni, wakati wa jua kuzama husogea kwa zaidi ya saa tatu. Saa inayoanzia magharibi lazima irekebishwe mara kwa mara. Majeshi ya Napoleon yalipoingia Italia mwishoni mwa karne ya 18, yalieneza hesabu ya Kifaransa ya kuanzia usiku wa manane, na miji mingi ikabadilika. Reli ndiyo iliyofunga mjadala. Baada ya Italia kuungana mwaka 1861, kila mji bado ulikuwa na saa yake. Mwezi Desemba 1866 reli zikaanza kufuata saa ya Roma. Tarehe 1 Novemba 1893 nchi ikaingia katika saa ya Ulaya ya Kati, na treni zikaanza kuhesabiwa kutoka usiku wa manane hadi usiku wa manane, saa 24 mfululizo. Ile quindici e quaranta ya karani inatoka hapo.

Kwa hiyo leo Muitaliano na Mswahili wanatofautiana kwa saa sita kamili, na hesabu yake ni nyepesi. Ukipewa saa ya Kiitaliano kati ya 7 na 18, toa sita: 15 inakuwa tisa. Kati ya 19 na 24, toa kumi na nane: 19 inakuwa moja usiku, 21 inakuwa tatu usiku. Kati ya 1 na 6 alfajiri, ongeza sita: 1 inakuwa saba usiku, 5 inakuwa kumi na moja alfajiri. Dakika usiziguse.

Wanaoijua hesabu hii kuliko wote ni watu wa Malindi na Watamu. Waitaliano wameizoea pwani hiyo tangu miaka ya 1960, wakati nchi yao ilipoanzisha kituo cha kurushia roketi huko Ngomeni. Setilaiti ya kwanza kutoka hapo ilirushwa mwaka 1967. Baada ya wahandisi walikuja watalii, wenye hoteli na wastaafu, na leo utamkuta kijana wa Malindi anayepatana bei kwa Kiitaliano cha moja kwa moja. Dereva wa huko akiambiwa na mgeni alle sette, haendi uwanja wa ndege saa saba. Anakwenda saa moja. Tena anauliza, di mattina o di sera, ya asubuhi au ya usiku?

Mwenye kumpokea mgeni kutoka Italia ana mitego mingine miwili. Wa kwanza ni tofauti ya saa kati ya nchi. Italia hubadilisha saa mara mbili kwa mwaka, Jumapili ya mwisho ya Machi na Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Majira ya baridi yao sisi tuko mbele yao kwa saa mbili. Majira ya joto, saa moja. Mgeni akikupigia akiwa Milano, muulize kama anataja saa ya kwao au ya kwenu: ora italiana, o ora locale? Tiketi ya ndege huandika saa ya kufika kwa saa ya mahali pa kufikia.

Mtego wa pili ndio unaowaacha wageni peke yao kwenye viti vya uwanja wa ndege. Nao ni tarehe. Mgeni anakwambia, arrivo domenica all'una di notte. Nafika Jumapili, saa saba usiku. Kwake Jumapili ilianza usiku wa manane, kwa hiyo anafika katika usiku ule unaoanza Jumamosi jioni. Wapo kati yetu watakaolala vizuri Jumamosi, waende uwanjani usiku wa Jumapili, wachelewe kwa siku nzima. Kiswahili kina dawa ya jambo hili: usiku wa kuamkia Jumapili. Kwa Kiitaliano mwambie, la notte tra sabato e domenica, usiku ulio kati ya Jumamosi na Jumapili. Hapo hakuna atakayekosea.

Msikilizaji, ukisahau yote niliyosema, shika haya. Uliza: A che ora arriva? Jibu likija, usiligeuze kuwa Kiswahili ukiwa bado umesimama mbele ya aliyekujibu. Mrudishie kwa Kiitaliano, kwa saa 24, na uongeze neno giusto, sivyo? Alle diciannove, giusto? Akikubali, andika 19:00 pamoja na siku. Kugeuza kuwa saa moja usiku utafanya ukiwa umekaa. Na ukimwandikia mtu wa nyumbani ujumbe wa kumwambia unafika lini, mwandikie tarakimu na tarehe, kisha saa ya Kiswahili pembeni, ili asibaki kukisia. Aliyekuja kukupokea ameacha kazi zake kwa ajili yako, mpe saa isiyo na shaka.